Daftari, Mhuri na Mtihani wa Msanifu Majengo



Ndugu zangu na dada zangu, wiki tatu zilizopita, baada ya swala ya Ijumaa, kijana mmoja wa mwaka wa nne wa usanifu majengo alinisubiri pale penye viatu. Akaniuliza, "Kaka, ni kweli nikimaliza miaka mitano hii bado nitakuwa sijawa msanifu?" Nikamwambia ni kweli. Utakuwa na digrii, lakini jina la msanifu majengo hutalitumia kisheria mpaka usajiliwe, na kabla ya kusajiliwa kuna mafunzo kazini na kuna mtihani. Akanyamaza kidogo, kisha akasema neno ambalo nami niliwahi kulisema: "Basi wametuwekea mlango wa pili ili wapite watoto wa wenye ofisi."

Pale penye viatu hapakuwa mahali pa kujibu. Nilimwahidi kuandika, na hili ndilo jibu.

Hapa Uganda kazi yetu inaongozwa na Sheria ya Usajili wa Wasanifu Majengo ya mwaka 1996, ambayo ndiyo iliyounda Bodi ya Usajili. Majirani zetu wana zao. Kenya ilianza zamani zaidi, kwa sheria ya mwaka 1934 iliyowaweka wasanifu na wakadiriaji majenzi chini ya bodi moja, na Rwanda ilitunga yake mwaka 2012. Uingereza, ambako sehemu kubwa ya utaratibu wetu ilitoka, iliweka daftari la wasanifu kwa sheria ya mwaka 1931. Kwa muda mrefu mwanafunzi wa kule alipita hatua tatu, na kabla ya hatua ya tatu alitakiwa awe na miezi 24 ya kazi. Marekani jimbo la kwanza kudai leseni lilikuwa Illinois, mwaka 1897. Kwa hiyo huu si mzigo waliobuniwa watoto wa Kampala. Mwenye kutaka masharti ya sasa, ada na tarehe, aende bodini mwenyewe, asitegemee maneno ya mabwenini. Mimi nataka kueleza mtihani huu unapima nini, kwa sababu nami niliingia humo bila kujua, na nikalipa.

Tulio katika dini hii hatuna sababu ya kuushangaa mtihani wa leseni. Mwaka 319 Hijria, yaani 931 Miladia, Khalifa al-Muqtadir alipata habari kwamba mtu mmoja mjini Baghdad amekufa kwa kosa la tabibu. Akaamuru muhtasibu, yule msimamizi wa masoko na ufundi, amzuie kila mtu kutibu mpaka kwanza atahiniwe na Sinan ibn Thabit, tabibu mkuu. Wanahistoria wanasema waliotahiniwa walizidi 860, bila kuwahesabu wale waliokwisha kujulikana kwa umahiri wao na wale waliokuwa katika utumishi wa Khalifa.

Katika habari hiyo kuna kisa kinachopendwa kusimuliwa. Mzee mmoja mwenye haiba, aliyevaa vizuri, aliingia kwa Sinan, akakaa kwa heshima, akatoa dinari zilizofungwa ndani ya karatasi akaziweka mbele yake. Kisha akakiri kwamba hajui kusoma wala kuandika, ila ana watu wa kuwalisha, na akaomba asikatiwe riziki. Sinan akacheka. Akamruhusu, kwa sharti kwamba asiguse ugonjwa asioujua, na asitoe damu wala asimpe mtu dawa kali ya kuharisha isipokuwa kwa maradhi mepesi. Kesho yake akaja kijana. Akaulizwa amesomea kwa nani. Akasema kwa baba yake. Baba yako ni nani? Ni yule mzee wa jana. Sinan akamwuliza kama anafuata njia ya baba yake, akajibu ndiyo, naye akaachiwa kwa sharti lilelile.

Watu hucheka wanapofika kwa yule kijana. Mimi zamani nilicheka, sasa sicheki. Mzee ana udhuru wa umri na njaa, na angalau alisema kweli. Lakini mtihani uliowekwa kwa sababu ya maiti mmoja umemruhusu mwana kurithi ujinga wa baba, na huyo mwana ana miaka arobaini ya kutibu mbele yake. Kwa upande mwingine, sharti alilolitoa Sinan lina fiqhi ndani yake: leseni ina mipaka. Na mlango huo ulikwisha kufunguliwa na hadithi iliyomo katika Abu Dawud, ambayo maana yake ni kwamba mwenye kujitia utabibu bila kujulikana kuwa na elimu hiyo anabeba dhamana ya madhara atakayoyasababisha. Neno ni dhamana. Liwekeni akilini, kwa sababu mtihani wote ni juu yake.

Sasa tuingie ndani. Mwanafunzi wengi wetu hudhani atakwenda kuchora. Miaka mitano tumechora, tumekesha na modeli za karatasi ngumu, tumesimamishwa mbele ya walimu tukatetea wazo letu. Mtu akisikia "mtihani wa wasanifu" anafikiri ni hayo kwa ukali zaidi. Tazameni mtihani wa Marekani, ambao mgawanyo wake unatangazwa wazi. Una sehemu sita: uendeshaji wa ofisi, usimamizi wa mradi, uchambuzi wa mahitaji na kiwanja, upangaji na usanifu, michoro na nyaraka za ujenzi, na mwisho ujenzi wenyewe na tathmini yake. Hesabuni ni ngapi katika hizo zinazofanana na zile kesha zetu. Na kabla ya kupata leseni mtu hutakiwa kuandikisha saa 3,740 za kazi. Mtihani wetu si ule, lakini roho ni moja. Niliulizwa juu ya mikataba, sheria, ada, migogoro, kiwanja, na wajibu wangu kwa watu ambao sitawaona maishani mwangu.

Nitatoa swali la mfano, nililolitunga kwa namna ya yale niliyokutana nayo. Kaeni nalo kabla ya kusoma jibu.

Unasimamia ujenzi wa nyumba ya ghorofa mbili. Mkandarasi anaomba malipo. Mkadiriaji majenzi amepima kazi yote iliyofanyika tangu mwanzo, akapata shilingi milioni 420. Ndani ya hesabu hiyo mna plasta ya milioni 20 ambayo wewe umeiona kwa macho yako inabambuka. Mkataba unasema asilimia 10 izuiliwe mpaka kasoro zimalizike. Hati zilizotangulia jumla yake ni milioni 290. Mteja, ambaye ni rafiki wa baba yako na ndiye anayekulipa ada, anakupigia simu: "Mwanangu, usitoe hati mwezi huu, fedha yangu imekwama." Mkandarasi naye anasema vibarua hawajalipwa, anataka milioni 88 zake. Utaandika hati ya kiasi gani?

Mkandarasi amepiga hesabu hivi: 420, toa 42 za kuzuiliwa, zinabaki 378, toa 290, zinabaki 88. Hesabu haina kosa, kosa ni kwamba ameiingiza plasta mbovu. Toa kwanza ile 20. Zinabaki 400. Zuia 40, zinabaki 360. Toa 290. Hati ni ya milioni 70, na inatolewa kwa wakati wake, mwezi huuhuu.

Mimi katika swali la jamaa ya hili niliandika kwamba msanifu ashauriane na mteja, kisha asubiri. Niliona ni adabu. Nilikuwa nimefundishwa nyumbani kwamba anayekulisha humpingi. Lakini mkataba wa ujenzi umemweka msanifu mahali pa ajabu: analipwa na upande mmoja, na bado anapotia sahihi hati ya malipo anatakiwa awe mwadilifu kati ya pande mbili. Akipunguza kwa kumpendelea mteja amemdhulumu mkandarasi, na nyuma ya mkandarasi kuna yule kibarua aliyepanda zege begani. Akizidisha amemdhulumu mteja. Juu ya hili la kuzidisha ipo kesi ambayo kila mtahiniwa huisoma, ya Sutcliffe na Thackrah, iliyoamuliwa na mahakama ya juu ya Uingereza mwaka 1974. Wasanifu walitoa hati za malipo zilizohesabu kazi mbovu. Mjenzi akafilisika. Mwenye nyumba akawashitaki wasanifu, nao wakadai kwamba wanapotoa hati wako kama waamuzi, na mwamuzi hashitakiwi. Mahakama ikakataa. Ikasema wana wajibu wa kutenda haki pande zote, lakini hilo haliwapi kinga wakizembea.

Nikiwa mwanafunzi niliisoma kesi hiyo kama sheria ya Waingereza. Sasa naisoma kama somo la mizani. Mwenye kumjua muhtasibu wa zamani ataelewa. Ibn Abdun, aliyeandika juu ya hisba mjini Seville, alitaka vipimo vya matofali, vigae na boriti vitundikwe katika msikiti wa Ijumaa, ili mwenye shaka aende akalinganishe. Fikirini, kipimo cha tofali ukutani mwa msikiti.

Nimefika mahali ninapopaona kizito.

Kila anayejiandaa na usajili hujaza daftari la kazi. Humo unaandika wiki baada ya wiki ulichokifanya, na msanifu aliyesajiliwa anayekusimamia hutia sahihi. Ofisi ya kwanza niliyofanya kazi haikuwa mbaya, lakini iligundua mapema kwamba ninajua kutengeneza picha za kompyuta za kumwonyesha mteja jengo litakavyokuwa. Basi nikawa mtu wa picha. Miezi saba sikukanyaga kiwanja. Daftari langu lilikuwa limejaa upande mmoja na tupu upande wa usimamizi wa ujenzi, na tarehe ya kupeleka ilikuwa inakaribia. Nilimweleza msimamizi wangu. Akasema, bila ubaya wowote, "Jaza tu, nitatia sahihi. Kila mtu hufanya hivyo." Nikaenda nyumbani, baada ya Isha nikaketi, nikaandika wiki kumi na moja za kiwanja ambacho nilikuwa nimekiona mara mbili kupitia dirisha la gari. Niliandika vizuri. Niliweka hata siku ya mvua.

Karatasi za kuandika nilizipita, si kwa mbali. Ukaja usaili wa ana kwa ana. Walikuwa watahini watatu. Mmoja wao, mtu mzima mwenye sauti ya chini, alikuwa na daftari langu mkononi. Akaniuliza juu ya slabu ya ghorofa ya kwanza ambayo niliandika kwamba nilisimamia umwagaji wake. Vipande vya zege vya kupimwa vilivunjwa baada ya siku ngapi? Nikajibu haraka, siku 7 na siku 28. Akatikisa kichwa kwa kukubali. Kisha akauliza, "Na vyenu vilitoa matokeo gani?"

Nilinyamaza. Akangoja. Akauliza tena, kwa upole, ule mteremko wa zege siku hiyo ulikuwa kiasi gani, na nani aliyeinua koni. Hapo nilielewa kwamba hanitahini tena, ananipa nafasi. Nikasema, "Mzee, sikuwapo." Yule wa pembeni akaweka kalamu chini.

Hawakunipigia kelele. Nilirudishwa, nikamalize kazi ya kiwanja kisha nije upya. Nilitoka nikiwa na aibu, na aibu ile ilichukua muda kugeuka kuwa toba, kwa sababu siku za mwanzo nilimkasirikia msimamizi, nikamkasirikia na mtahini. Ilikuwa sheikh wangu, nilipomweleza, aliyeniuliza swali moja: ukurasa wenye tarehe, jina la mahali, na sahihi chini yake, unauitaje? Nikasema daftari. Akasema, "Huo ni ushahidi, kijana." Na sisi sote tunajua ushahidi wa uongo umewekwa wapi katika orodha ya madhambi makubwa.

Nilipata nafasi katika jengo la ghorofa nne Kawempe. Fomani alikuwa mzee tuliyemwita Hajji, mtu wa maneno machache, Kiswahili chake kimechanganyika na Luganda. Asubuhi ya kwanza ya zege alinikabidhi koni ya chuma. Kwa asiyejua: koni ile ina urefu wa milimita 300. Unaijaza zege kwa tabaka tatu, kila tabaka unalishindilia kwa fimbo ya chuma mara 25, unaisawazisha juu, kisha unainua koni moja kwa moja bila kuitikisa. Zege linashuka. Unapima limeshuka kiasi gani toka kimo cha koni. Likishuka sana, maji yamezidi, na maji yakizidi nguvu inapungua. Hata mtoto anaweza kulifanya. Mara ya kwanza niliinua kwa pembeni, zege likaanguka upande mmoja, Hajji akasema, "Rudia." Mara ya tatu nikapata milimita 80.

Wiki za mbele gari moja la zege lilikuja limeshuka milimita 170. Dereva alikuwa ameongeza maji njiani ili limiminike kwa urahisi. Ilikuwa saa tisa alasiri, vibarua wamejipanga, mwenye jengo yuko hapo na wageni wake. Kila mtu alikuwa ananitazama mimi mwenye koni. Nilitaka sana lile zege liwe zuri. Hajji hakusema kitu, alikwenda kutawadha kwa ajili ya Alasiri. Nikalirudisha. Mwenye jengo alinitukana mbele ya wageni wake, na siku ya pili akaniomba radhi kupitia kwa Hajji. Kama ningejaza daftari tu nisingejua kabisa jinsi lile tusi linavyosikika, wala kwamba mtu anaweza kulistahimili.

Miezi kumi baadaye nilirudi kwenye usaili. Mtahini mwenye sauti ya chini hakuwapo. Aliyekuwapo aliniuliza juu ya gari lile, nikaeleza kwa dakika kumi mpaka akanikatiza.

Jambo la mhuri nitalipitia kwa ufupi, kwa sababu wengi wenu bado hamjaufikia, lakini utakufikia. Aliyesajiliwa ana mhuri, na michoro yenye mhuri ndiyo inayopokelewa kwa kibali cha ujenzi. Kuna watu watakujia na michoro wasiyoichora wasanifu, wakupe bahasha, waombe mhuri tu. Nimejiwa mara nne. Hukumu ya bahasha muulizeni mwanachuoni, mimi si sheikh. Lakini mkumbuke mzee wa Baghdad na dinari zake ndani ya karatasi: bahasha hii ni ya zamani kuliko taaluma yetu. Na dhamana ikiangukia jengo lile, aliyechora hatakuwapo. Jina lililopo ni lako.

Kwa aliye mwaka wa nne na wa tano, na kwa dada zetu ambao huniuliza zaidi kuliko kaka zao, ushauri wangu wa kujiandaa ni huu. Anzeni na sheria yenyewe ya 1996, isomeni yote, si muhtasari wa mtu. Kisha tafuteni fomu moja ya mkataba wa ujenzi mwisome kifungu kwa kifungu kama mnavyosoma kitabu cha fiqhi, mmoja asome na wengine waulize: nani anawajibika, kwa muda gani, asipofanya kinatokea nini. Maswali ya plasta na milioni 70 yote yanatoka humo. Daftari lijazeni kila Ijumaa kabla ya kwenda nyumbani, kwa sababu ukingoja mwezi utaanza kubuni hata bila kukusudia. Ofisi ikikufunga kwenye kompyuta, omba kiwanja kwa maandishi, na wakikataa, omba Jumamosi zako mwenyewe. Kofia ya kiwanja huvaliwa juu ya hijabu bila taabu ikiwa kitambaa si kinene na hakina pini kubwa kisogoni. Dada mmoja tuliyefanya naye kazi Kawempe alikuwa anapanda jukwaa kabla yangu. Karatasi ikiangukia mchana wa Ijumaa, andikeni barua mapema kabisa mkiomba saa nyingine, msingoje siku yenyewe.

Na yule kijana wa penye viatu: bado sikubaliani nawe kwamba mlango umewekwa kwa ajili ya watoto wa wenye ofisi, ingawa ni kweli wao hukifikia kiwanja kwa urahisi kuliko sisi. Hilo la kiwanja tunaweza kulifanyia kitu. Jumamosi ijayo baada ya Alasiri nitakuwa msikitini na nakala mbili za mkataba. Hajji amekubali kuja Jumamosi itakayofuata, na koni yake. Njooni na viatu vigumu.